Tundu Ambalo Dafrosa Alikataa Kuliziba

Kazi waliyopewa ilikuwa ndogo. Jengo moja la ghorofa tatu huko Rågsved, kusini mwa Stockholm, lilikuwa limeanza kuchakaa kwenye ukuta wa ubavuni, ule usio na madirisha, na mwenye nyumba alitaka maungio ya matofali yakwanguliwe na kujazwa saruji mpya kabla theluji haijaanza. Rune, mwenye kampuni, aliwaambia wamalize upesi, maana kulikuwa na kazi nyingine ikiwangoja katika mji wa Märsta.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1984. Aliyeongoza kazi alikuwa Dafrosa, mwanamke wa Bukoba aliyekuja Sweden miaka kumi na miwili nyuma kusomea ufundi wa majengo. Alikusudia kurudi kwao akimaliza, lakini aliolewa, akaachika, na kufikia wakati huo alikuwa ameshazoea kuilalamikia baridi kama wenyeji wenyewe. Vyeti vyake vingeweza kumweka ofisini. Alijaribu ofisi mwaka mmoja, akatoka. Alisema kukaa kwenye kiti siku nzima kulimfanya ajione kama anamsubiri daktari. Juu ya jukwaa la ujenzi alikuwa mtu mwingine. Sauti yake ilisikika hadi chini, na alijua kila fundi anakula nini na ana ugomvi na nani nyumbani.

Msaidizi wake alikuwa Obiero, mwashi wa Siaya, mtu mpole, mwenye mkono safi wa saruji. Mkewe, Truphosa, alikuwa amefika kutoka Kenya majira yale ya kiangazi. Sheria ya nchi ilitaka wafanyakazi wawe na mjumbe wao wa usalama, naye Obiero ndiye aliyechaguliwa, kwa sababu siku ya kuchagua alichelewa kufika akakuta wenzake wameshaliandika jina lake. Mpaka hapo kazi yake yote ya ujumbe ilikuwa kuhakikisha kisanduku cha dawa hakikosi bandeji.

Siku ya kwanza Dafrosa alipopanda jukwaani hakushika mwiko. Alitembea kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho, akapanda ubao wa juu yake, akatembea tena. Kulikuwa na ufa. Haukuwa mpana, ukucha tu ungeweza kuingia, lakini ulikwenda sawasawa kama mstari wa daftari, ukifuata ungio moja kutoka pembe hadi pembe. Safu chache juu yake kulikuwa na ufa mwingine, na juu ya huo mwingine tena, zikiachana kwa nafasi ile ile. Nyumba inayodidimia hupasuka kwa mshazari, ufa ukishuka kama ngazi. Nyufa zinazolala na kupangana namna hii zina sababu yake, na Dafrosa aliijua.

Akateremsha timazi kutoka juu. Uzi uligusa matofali kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kisha ukaning'inia mbali nayo chini. Ukuta ulikuwa umeota kitambi. Akaweka viganja vyote viwili pale kwenye kitambi, akasukuma. Ukuta ukaenda, kidogo sana, kisha ukarudi.

Obiero, aliyekuwa ameegemea matofali akimtazama, aliuondoa mkono wake taratibu.

Nyumba za namna ile zina kuta mbili. Ule wa ndani, wa zege jepesi, ndio unaobeba sakafu na paa. Ule wa nje ni matofali ya safu moja tu, kazi yake kupokea mvua na upepo. Kati yake kuna uwazi, na kinachoziunganisha ni vipande vya chuma vilivyolazwa ndani ya maungio, ncha moja ukuta wa ndani, ncha nyingine ukuta wa nje, mamia kwa mamia. Mafundi wa kule huviita kramla. Kramla zikiliwa na kutu, ukuta wa nje unabaki umesimama peke yake kama mlevi aliyeachiwa mkono. Tena kutu huvimba, na ikivimba ndani ya ungio huyainua matofali yaliyo juu yake. Ndiyo nyufa zile.

Dafrosa akachukua tindo na nyundo, akatoa tofali moja, kisha lililo kando yake, kisha yaliyo juu. Ndani ya uwazi kramla ilionekana nzima, ya kijivu, hata inang'aa kidogo. Lakini ile sehemu iliyolala ndani ya ungio la nje ilikuwa imegeuka unga mwekundu. Aliishika kwa vidole viwili akaivuta, ikaja kama mfupa wa samaki aliyeiva. Akapanua tundu mpaka akafikia nyingine, nayo ikaja. Mahali pa ya tatu hapakuwa na chuma. Palikuwa na doa la kutu tu kwenye saruji.

Akampigia simu Rune kutoka dukani kando ya stesheni.

Rune alikuwa amejenga kuta tangu ujana wake. Alipanda, akaingiza kichwa tunduni, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka hakubisha. Hilo ndilo lililomkera Dafrosa baadaye kuliko yote, kwamba mzee yule hakubisha. Alisema atazungumza na Lundmark, msimamizi aliyewekwa na mwenye nyumba.

Lundmark alikuja siku ile ile na tochi. Alimulika kwenye uwazi, akaona chuma kinang'aa, akaridhika. Dafrosa alimweleza kwamba sehemu inayong'aa siyo inayooza, inayooza ni ile iliyozikwa ndani ya saruji ya nje, ndiyo maana bila kutoa tofali huwezi kuiona. Lundmark akasema amesikia. Akasema habari za kramla zitazungumzwa wakati wa kiangazi, kwa sasa wajaze maungio kama walivyoagizwa. Kisha akaondoka na Rune wakaongea kando ya gari, na Rune aliporudi alikuwa akitazama viatu vyake.

"Liziba hilo tundu, Dafrosa," alisema.

"Siliziba."

Rune alimweleza kwa upole kwamba wao waliitwa kujaza maungio, hawakuitwa kuiokoa Sweden. Dafrosa akamweleza, naye kwa upole, anachokiona yeye. Wakiyajaza yale maungio kwa saruji mpya, nyufa zote zitapotea. Ukuta utaonekana umetengenezwa jana. Hakuna atakayeinua macho tena, na chini yake ndipo inapopita njia ya kwenda stesheni, na watoto wa shule hupita hapo asubuhi na alasiri. Kuuacha ukuta mbovu ni jambo moja. Kuupaka poda ni jambo lingine, na hilo yeye halifanyi.

Kesho yake mchana Rune alimtuma Dafrosa Märsta akaikague kazi iliyokuwa ikiwangoja. Dafrosa aliporudi asubuhi iliyofuata alikuta tundu limezibwa, matofali yamerudi mahali pake, maungio yamenyooka vizuri. Hakuhitaji kuambiwa ni mkono wa nani.

"Ni wewe," alimwambia Obiero kwa Kiswahili.

"Ni mimi." Obiero alikuwa akikoroga saruji ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Dada, mimi niko na bibi hapa. Kibali chake kinasimama juu ya hii kazi. Nikifutwa, yeye anaenda wapi?"

Dafrosa hakumlaumu. Alichukua tindo, akapanda, na kwa kuwa saruji ilikuwa bado mbichi tundu likafunguka kwa urahisi, mara hii kubwa zaidi. Alipomaliza akainama kutoka ubaoni. "Ukiliziba nitalifungua," alisema. "Ukiliziba tena nitalifungua tena. Tuone nani atachoka."

Zile kelele ndizo zilizomleta Noeline.

Alikuwa Mganda wa makamo, mpangaji wa ghorofa ya pili, na alifanya kazi ya usiku katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Alizunguka pembe ya jengo amevaa koti juu ya nguo za kulalia, akaanza kufoka kwa Kiswidi, kisha akasikia mafundi wanaambiana nini, akanyamaza. Alipozungumza tena alizungumza Kiswahili, kigumu, kama mtu anayetafuna punje za mchanga.

"Hiyo kelele iko kwa kichwa ya kitanda yangu. Mimi nimetoka kazi ya usiku. Munatafuta nini ndani ya hiyo ukuta?"

Mafundi walikuwa wamekatazwa kuzungumza na wapangaji juu ya ukuta. Dafrosa alishuka ngazi, akavua glavu, akamwamkia. Noeline hakuitikia shikamoo. Alisema, bila ukali, kwamba yeye hakuzoea kuamkiwa kwa lugha hiyo. Kampala, watu wa kwanza kumsemesha Kiswahili walikuwa wanaume wenye bunduki kwenye vizuizi vya barabarani, na waliokuja dukani kumchukua mume wake, Petero, walimuulizia kwa Kiswahili hicho hicho. Petero hakurudi. Baadaye Nairobi alijifunza maneno ya sokoni kwa sababu hakuwa na budi. Dafrosa akasema basi wazungumze Kiswidi, au Kiingereza kama anapenda.

"Sema tu," Noeline akajibu. "Nitasikia."

Dafrosa akamwambia yote, na hakulainisha kitu. Akampa kramla moja. Noeline aliifinya ile ncha nyekundu, ikamvunjikia kiganjani. Akauliza kama ukuta utaanguka leo. Dafrosa alimjibu kwamba hajui, na anayesema anajua anadanganya. Unaweza kusimama miaka. Unaweza kwenda kwa upepo wa kwanza mkubwa wa Novemba, na siku utakapokwenda hautabomoka kidogo kidogo, utafunguka wote kuelekea nje. Ukuta wa ndani utabaki. Noeline kitandani kwake atabaki. Wasioweza kubaki ni watakaokuwa chini.

Noeline aligeuka akaitazama njia. Binti yake, Eseza, alipita hapo kila asubuhi kwenda kupanda treni.

Hakuenda kulala siku hiyo. Alikwenda uani akafungua kamba ya kuanikia nguo, akaifunga kwenye mti wa mbetula upande mmoja na kwenye chuma cha kuegeshea baiskeli upande wa pili, akaizungusha mpaka eneo lote chini ya ukuta likawa ndani ya kamba. Kisha akaleta kiti cha jikoni, akakiweka nje ya kamba penye njia, akakaa.

Waliotoka stesheni ilibidi wazunguke kwenye majani yenye maji. Wengine walizunguka wakinung'unika, wengine waliinua mguu ili kuruka kamba, na hao Noeline alisimama mbele yao mpaka wakarudi. Jirani mmoja Mfini, dereva wa basi aliyeitwa Pentti, alimwambia kwamba hii si nchi yake hata afunge njia za watu. Noeline akamjibu kwamba tofali likianguka halitamuuliza mtu pasipoti. Pentti alisimama akafikiri, akazunguka. Kesho yake alipita akiwaonyesha wengine pa kuzungukia, kwa sauti ya mtu aliyeivumbua njia mwenyewe.

Mchana, Noeline alipokwenda kulala, mtu wa Lundmark alikuja akaikunja kamba. Alipoamka aliifunga tena. Ikakunjwa tena, ikafungwa tena. Eseza alimwambia mama yake kwa Kiswidi kwamba shuleni wanamcheka, wanamwita binti wa mwanamke wa kamba. Noeline akamjibu kwa Kiganda kwamba aliye hai ndiye anayechekwa.

Hatimaye Lundmark alikuja mwenyewe, akazungumza naye kwa adabu. Kulikuwa na nyumba nyingine ya kampuni ile ile huko Hallunda, ghorofa nzuri, yenye balkoni inayotazama miti. Angeweza kuhamia huko yeye na binti yake mpaka majira ya kuchipua, kama kelele zinamsumbua, mradi mambo ya kamba yaishe.

Noeline hakuinuka kwenye kiti. "Mimi nilihamishwa Kampala," alimwambia. "Nikahamishwa Nairobi. Safari hii atakayehama ni ukuta."

Wakati huo wote Dafrosa alikwenda kazini kila siku na hakujaza ungio hata moja. Alikwangua. Alipima kitambi, akaangalia kama kimeongezeka. Alimwambia Rune waziwazi kwamba hiyo ndiyo kazi anayoifanya, na akitaka kumfukuza amfukuze mbele ya watu. Obiero alikoroga saruji asubuhi, na jioni ikatupwa imeganda. Hakuliziba tundu mara ya pili, lakini hakusema kwamba hatoliziba. Alikula chakula chake peke yake nyuma ya gari.

Siku Lundmark alipokuja na Rune pamoja, upepo ulikuwa umeanza. Majani ya mbetula yaliruka hadi juu ya jukwaa, na turubai lililofunika mchanga likapigapiga. Lundmark alikuwa amechoka na hakuficha. Alisema leo tundu lizibwe, maungio ya chini yajazwe, na jukwaa lishushwe, jambo liishe. Aliyasema hayo akiwa njiani, mikono mfukoni. Dafrosa alikuwa juu ya ubao wa pili. Wapangaji kadhaa walikuwa wamesimama, Pentti mmojawapo, na Noeline kwenye kiti chake.

"Kwani mbona umesimama huko?" Noeline akamuuliza Lundmark kwa Kiswidi.

Lundmark hakuelewa.

"Uko nje ya kamba yangu," Noeline akasema. "Hakuna aliyekuzuia leo. Ingia."

Watu wakamtazama Lundmark miguuni. Kweli alikuwa amesimama nje ya kamba, hatua moja nyuma yake. Hakuingia.

Hapo Dafrosa akaokota mwiko kutoka ubaoni, akaunyoosha chini kwa upande wa mpini.

"Mwiko huu hapa," alisema. "Anayetaka lizibwe, apande alizibe. Mimi sitakaa njiani kwake. Lakini mkono wangu hauingii humo, na msiseme kesho kwamba kazi hii ni ya Dafrosa."

Lundmark akamtazama Rune. Rune akavua koti lake zuri, akalikunja, akaliweka juu ya mfuko wa saruji. Akavuka kamba. Alipanda ngazi polepole, akipumzika, na alipofika juu akaupokea mwiko kutoka mkononi mwa Dafrosa bila kumtazama usoni. Dafrosa akarudi nyuma kumpa nafasi, kama alivyoahidi. Rune akaomba ndoo ya saruji ipandishwe.

Ndoo haikupanda. Chini, Obiero alikuwa ameizima mashine ya kukorogea. Ukimya ulikuja ghafla, ukabaki upepo tu.

Obiero akasema kwa Kiswidi, neno moja moja, kama aliyeyakariri. Jukwaa hili, alisema, limefungwa kwa boliti kwenye ukuta wa nje. Yeye mwenyewe ndiye aliyezifunga hizo boliti. Ukuta wa nje haujashikwa na kitu. Kwa hiyo na jukwaa halijashikwa na kitu, na kila aliye juu yake yuko hatarini.

"Mimi ni mjumbe wa usalama," alimalizia. "Kazi hii nimeisimamisha."

Rune aliinama kutoka juu. "Obiero," alisema. "Fikiri vizuri."

"Nimefikiri tangu siku nilipoliziba."

Kila mtu aliyefanya kazi ya ujenzi Sweden alijua maana ya maneno yale. Mjumbe akisimamisha kazi kwa sababu ya hatari, haiendelei mpaka mkaguzi wa serikali aje aamue, na hakuna msimamizi wala mwenye kampuni anayeweza kuyafuta. Rune alibaki amesimama na mwiko usio na saruji. Upepo ukapiga, na mbao zikalia chini ya miguu yake. Aliulaza mwiko ubaoni taratibu, akashuka, akalichukua koti lake. Dafrosa alishuka nyuma yake.

Lundmark alisema mengi siku hiyo. Alisema wageni wanaopewa kazi wanapaswa kuijali. Dafrosa akamjibu kwamba wanaijali, ndiyo sababu wako chini sasa na si juu.

Jioni Obiero alimweleza Truphosa alichofanya, akamwambia pia kwamba huenda atafutwa kazi. Truphosa aliendelea kukunja nguo. Kisha akasema hakupanda ndege kutoka Kenya ili aje kulishwa na mwanamume anayezibia watoto wa watu kifo ukutani. Akamuuliza kama amekula.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira. Alimsikiliza Lundmark, akamsikiliza Rune, akamsikiliza Obiero, kisha akaenda kwenye boliti moja ya jukwaa, ile ya chini kabisa inayofikika kutoka ardhini, akaishika na kuivuta kama mtu anayevuta mlango uliokwama. Boliti ikatoka, na nusu tofali ikatoka nayo. Hakupanda juu. Aliagiza uzio wa chuma uwekwe kabla ya saa ya watoto kutoka shule, mahali pale pale ilipokuwa kamba ya Noeline, na akasema hakuna saruji itakayoingia kwenye maungio yale mpaka ukuta wa nje ushikwe na ukuta wa ndani.

Rune ndiye aliyepewa kazi ya kuutengeneza, kwa kuwa jukwaa lake lilikuwa pale na baridi ilikuwa mlangoni. Hakumfukuza Dafrosa; alimhitaji. Walifanya kazi bega kwa bega majuma mengi, na mambo waliyoambiana nje ya kazi yangeweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwanza walilifunga jukwaa upya, boliti ndefu zikipita kwenye matofali na uwazi hadi kwenye zege la ndani. Kisha wakakishusha kile kitambi, tofali kwa tofali kuanzia juu, kwa sababu ukuta uliokwisha kuvimba haurudishwi kwa kusukumwa. Matofali yakasafishwa, yakajengwa tena yale yale, na kramla mpya za chuma kisichoshika kutu zikalazwa katikati yake. Sehemu zilizokuwa bado zimenyooka hawakuzibomoa. Walitoboa kwa drili kwenye maungio, tundu jembamba linalopenya kuta zote mbili, wakaingiza gundi na ufito wa chuma, wakaacha ishike. Baada ya hapo Dafrosa alizivuta fito kwa kifaa chenye saa ya kupimia nguvu, moja hapa, moja kule, bila kufuata mpangilio, ili asijidanganye kwa kuchagua zilizo nzuri. Iliyoteleza ilitobolewa upya kando yake. Turubai lilifunika ukuta mzima, na mashine ya kupuliza joto ikawaka ndani yake ili saruji isigande kwa barafu.

Noeline alihamishia kitanda chake sebuleni, akawa analala na drili ikilia. Hakulalamika tena. Siku nyingine akitoka kazini alipita chini ya turubai, akawapa chai, akasimama akitazama. Siku moja Dafrosa alimwamkia kwa mazoea, na Noeline akaitikia marahaba, vibaya, lafudhi imekwenda upande. Siku za mbele aliitikia vizuri zaidi.

Ukuta haukuanguka. Januari kulikuja dhoruba iliyong'oa miti ya mbetula na kukipindua kibanda cha basi, na asubuhi ukuta ulikuwa pale, umenyooka, maungio yake yamejazwa hadi chini. Katika mkutano wa wapangaji Lundmark aliutaja. Alisema, akitabasamu kidogo, kwamba watu walitishwa bure, maana baada ya makelele yote yale hata tofali moja halikuanguka.

Noeline alisimama. Alisema kwamba anawajua watu wanaosubiri maiti ndipo waamini. Amewahi kuishi chini ya utawala wao. Yeye hataomba radhi kwa sababu hakuna aliyekufa, na kama msimamizi anataka ushahidi, aende akausukume ukuta kwa mikono yake miwili, wote watamngoja hapa. Baadhi ya watu walicheka. Pentti alipiga meza kwa kiganja. Lundmark akasoma jambo lililofuata kwenye ajenda.

Theluji ilipoyeyuka Rune alimwambia Dafrosa kwamba hana tena kazi ya kumpa. Alikuwa akisema ukweli na akidanganya kwa pamoja, na Dafrosa hakumsaidia kuyatenganisha. Obiero alibaki, mjumbe wa usalama haondolewi kirahisi, na safari hii wenzake walimchagua akiwa amefika mapema. Dafrosa alikusanya vyombo vyake, akampa Rune mkono. Rune aliushika kwa muda.

Ng'ambo ya njia kulikuwa na majengo mengine mawili ya mwenye nyumba yule yule, yaliyojengwa mwaka mmoja na lile la Noeline, kwa matofali ya tanuri moja. Wapangaji wake walikuwa wameshaomba yakaguliwe, wakajibiwa kwamba hakuna haja. Walikwenda kwa Noeline, na Noeline akawapeleka kwa Dafrosa. Asubuhi moja ya Aprili, yenye jua lisilo na joto, alifika na ngazi begani, timazi mfukoni na nyundo mkononi. Akaanza kwenye pembe, akigonga na kusikiliza, akigonga na kusikiliza, akipanda kidogo kila mara.

Hakuwa amefika mbali Lundmark alipotokea akitembea haraka, koti halijafungwa vifungo. Aliuliza anafanya nini kwenye nyumba asiyoitiwa, na nani aliyemtuma.

"Wanaolala ndani," Dafrosa akasema, akaweka sikio ukutani.